GUGU LISILOKUFA NA MSHAHARA WA MPIGA BOMBA



Mwezi uliopita walifika katika ofisi ya tawi letu wapiga bomba sita kutoka shamba moja la miwa upande huu wa Busia. Shamba hilo hatulitaji kwa jina, maana shauri bado liko mezani na twataka liishe kwa mazungumzo. Kila mmoja wao alikuwa amekatwa mshahara wa siku nne. Kosa lao, kwa maneno ya mnyapara, ni kwamba walipiga maji matupu na dawa wakaiuza ng'ambo, Uganda. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: majuma matatu yamepita na magugu bado yamesimama.

Tulikwenda kuliona shamba wenyewe, kwa sababu si desturi ya gazeti hili kuandika mambo ya kusikia. Tulilolikuta si kazi ya maji matupu. Majani ya namna nyingi yalikuwa yamekauka mpaka mizizi. Lakini wimbi mwitu, lile jani la mashina bapa ambalo likiwa changa hata mama zetu hulidhania wimbi la kweli, lilikuwa limesimama mabaka mabaka. Ndani ya baka moja tuliona mche umekufa, na jirani yake, wa aina ile ile na umri ule ule, ni mbichi kabisa. Maji matupu hayachagui namna hiyo. Tulimwomba karani atuonyeshe kitabu cha dawa, naye kwa hisani yake akatuonyesha. Katika misimu yote iliyoandikwa humo, dawa ni moja tu: glaifoseti, ile ambayo wengi wetu tuliijua kwanza kwa jina la Roundup. Madebe yamebadilika rangi mara tatu au nne, lakini kilichomo ndani ni kile kile.

Hatusemi kwamba tumethibitisha jambo. Kuthibitisha kwataka mbegu za gugu lile zipandwe katika vyungu, kando yake zipandwe mbegu za gugu lile lile kutoka mahali pasipopigwa dawa kamwe, kisha zote zipigwe kipimo kamili na kulinganishwa. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Lakini twasema hivi: mnyapara naye hakuthibitisha lolote, na hata hivyo watu sita walikwenda nyumbani na mfuko mwepesi na jina la wizi juu yake. Ndiyo sababu juma hili tumeacha habari za mikutano tukaandika habari za magugu.

Baadhi ya ndugu huuliza, je, gugu linaweza kuizoea dawa kama mtu anavyozoea tumbaku? Sivyo. Mche mmoja haujifunzi kitu. Katika shamba lenye miche milioni ya gugu la aina moja, huenda mmoja au wawili wamezaliwa na tofauti ndogo katika maumbile yao, na kwa tofauti hiyo dawa haiwaui. Kabla ya dawa kuja tofauti hiyo haikuwafaa kitu. Dawa inapopigwa, wenzao wote hufa, nao hubaki peke yao na uwanja mzima, jua lote na mbolea yote. Hutoa mbegu. Msimu wa pili watoto wao ni kumi, wa tatu ni elfu, na hapo ndipo mnyapara hufungua macho na kusema kwamba ameibiwa. Wazee watakumbuka klorokwini. Palikuwa na wakati mtu wa Busia akishikwa na malaria alimeza vidonge vile vichungu na kupona. Vijidudu vilivyoishinda dawa vikazidi mwaka hata mwaka, hata mwaka wa 1998 Serikali ya Kenya ikaiondoa klorokwini isiwe tena dawa ya kwanza ya malaria. Hakuna aliyesema kwamba wauguzi wa Alupe waliviuza vidonge ng'ambo wakawapa wagonjwa chaki.

Wala jambo hili si geni katika mashamba ya miwa. Mwaka wa 1957, huko Hawaii, katika miwa, iliandikwa habari ya gugu moja lililokuwa halifi tena kwa dawa ya 2,4-D. Gugu hilo ni jamaa wa lile jani letu linalotambaa lenye ua la buluu, ambalo ukiling'oa na kuliacha juu ya udongo wenye unyevu huota tena kana kwamba hukufanya kitu. Mwaka wa 1968, katika jimbo la Washington huko Marekani, likaonekana gugu lililoishinda simazini, ndugu wa atrazini. Kuhusu glaifoseti, matajiri wengi na wauza dawa walikuwa wakisema haitashindwa; ikashindwa na majani ya Australia mwaka wa 1996, na mwaka uliofuata ikathibitika huko Malaysia kwamba imeshindwa na wimbi mwitu. Ndilo hili hili tulilolikuta shambani. Hivi leo magugu ya aina zaidi ya 260 duniani yamekwisha kuishinda dawa hii au ile. Na hapa petu Kenya, mwaka wa 1991, jarida la wakulima wa kahawa lilieleza kwamba kichoma mguu, chenye zile mbegu nyeusi zinazonasa katika suruali, pamoja na gugu jingine liitwalo patheniamu, vilikuwa havifi sawasawa kwa parakwati katika kahawa. Kwa hiyo tajiri asemaye kwamba hajapata kusikia jambo la namna hii, na aulize.

Lakini na sisi tusiwe wepesi wa kusema kila jani lililobaki ni sugu. Ziko sababu nyingine nyingi, na mpiga bomba yampasa azijue ili ajitetee. Mvua ikinyesha mapema baada ya dawa, huiosha. Gugu lililokwisha kuwa refu na gumu halifi kwa kipimo cha gugu changa. Maji ya tope ni adui mkubwa: glaifoseti hushikamana na udongo uliomo ndani ya maji, na ikishikamana nao haifanyi kazi tena, parakwati vile vile. Basi mtu akitumwa kuteka maji katika dimbwi la barabarani au mtoni baada ya mafuriko, dawa yake imekwisha kufa kabla haijatoka bombani. Nozeli, kile kidude cha mdomoni, ikilika hutoa matone makubwa upande mmoja na kuacha mstari mkavu upande mwingine. Hapo magugu hubaki kwa mistari, si kwa mabaka, na mwenye macho atatambua. Sasa twauliza: ni nani aletaye maji? Ni nani anunuaye nozeli? Ni nani apangaye siku ya kupiga dawa? Katika yote hayo hatuoni jina la mpiga bomba.

Kisha kuna jambo la mpaka. Mji uliolizaa jina la bodaboda haukosi njia ya kupitisha debe la dawa. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi hapa Busia mwaka wa 2018, malori hupita upesi kuliko zamani, na hilo ni jema kwa madereva wenzetu. Lakini mizigo midogo bado hupita kwa baiskeli, kwa kichwa na kwa njia za panya, hapa na kule Malaba. Twajua dawa zinazouzwa katika chupa za soda, bila karatasi, muuzaji akionyesha kipimo kwa kizibo. Wataalamu waliozipima chupa za glaifoseti kutoka madukani Uganda, wakatoa habari zao mwaka wa 2019, waliona kwamba karibu chupa moja katika kila tatu haikufikisha hata robo tatu ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Hatusemi Waganda ni wadanganyifu na sisi ni malaika. Chupa zile zile zapatikana pande zote mbili, na mteja ni mmoja. Tunalotaka kusema ni kwamba mpiga bomba aliyepewa chupa ya namna hiyo hupiga kwa uaminifu wote, na jioni huitwa mwizi.

Dawa pungufu ina ubaya mwingine usioonekana mara moja. Kipimo kamili huua hata lile gugu lenye nguvu kidogo kuliko wenzake. Kipimo pungufu humwacha huyo hai, naye huzaana na mwingine aliyebaki kama yeye, na nguvu zao ndogo ndogo hukusanyika. Kwa njia hiyo anayechanganya dawa na maji mengi ili abakishe nusu debe, awe muuza duka au awe mwenzetu, anapanda magugu ya mwaka kesho. Ndiyo, tumesema mwenzetu. Wamo kati yetu wachache wanaofanya hivyo, nasi hatutawaficha chini ya bendera ya chama.

Tukiri na kosa letu jingine. Bomba lilipoingia katika mashamba haya, chama kilijadiliana na matajiri juu ya jambo moja tu, yaani bei ya kila bomba. Tulipata nyongeza tukashangilia. Hatukusema neno juu ya akina mama wa jembe, ambao palizi yao ya mara mbili tatu kwa msimu ilikuwa ndiyo karo ya watoto huko Nambale, Matayos na Amukura. Waliambiwa wasije tena, na sisi tulinyamaza. Wengine wao waliacha kulipa ada ya chama, nasi hatuwalaumu. Leo shamba lenyewe linawaita warudi, kwa sababu hakuna gugu lililopata kuwa sugu kwa jembe. Baka la wimbi mwitu likionekana mapema, wanawake kumi huling'oa kabla halijatoa mbegu, na jambo likaisha. Likiachwa misimu mitatu, hata madebe ya Malaba yote hayatatosha. Yuko mpiga bomba mmoja aliyetuambia kwamba kurudisha jembe ni kumnyang'anya kazi yeye. Twamjibu kwamba bomba lisiloua halitampa kazi muda mrefu. Tajiri akichoka kununua dawa isiyofanya kazi hatamkumbuka mpiga bomba wala mama wa jembe.

Na tusidhani ni mambo ya matajiri tu. Karibu kila mwanachama wetu ana kishamba chake cha mahindi nyumbani, na katika kishamba hicho yuko adui tunayemjua wote, kayongo, ambaye ndugu zetu Wateso humwita imoto. Ua lake la zambarau ni zuri, na pengine ndiyo sababu watoto hulichuma. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka zaidi ya kumi zikingoja. Mzizi wa hindi au mtama ukipita karibu, mbegu husikia harufu yake, huota, na kujibandika hapo ikinyonya. Mahindi hudhoofika kabla hata kayongo hajatoka juu ya ardhi. Ukimwona amekwisha kula.

Mwaka wa 2005 ilitolewa hapa Kenya mbegu ya mahindi iliyoitwa Ua Kayongo. Ilikuwa kazi ya CIMMYT, ya shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, KARI kama lilivyoitwa wakati huo, na ya wataalamu wa Taasisi ya Weizmann huko Israel, pamoja na kampuni ya BASF. Hindi hilo lina uwezo wa kuvumilia dawa ya imazapiri, na mbegu yake hupakwa dawa hiyo kabla ya kupandwa, kidogo sana, yapata gramu 30 kwa hekta. Kayongo akijibandika hufa chini kwa chini. Ni akili nzuri, nasi tumeona mashamba yaliyopona kwayo. Ila wenye akili hiyo hawakujisifu bila kuonya. Walisema tangu mwanzo kwamba mmea wenye mbegu nyingi kama kayongo hautakosa mtoto mmoja asiyekufa kwa imazapiri, kwa hiyo kila kayongo atakayetokea katika mahindi hayo lazima ang'olewe kwa mkono kabla hajatoa ua. Yaani dawa hii mpya yenyewe ilikuja ikiomba msaada wa mkono. Wangapi walifuata? Tuliona watu wakisema, nimenunua mbegu ya dawa, basi nilale. Na wengine walipanda mahindi hayo kisha kwa mikono ile ile, bila kunawa, wakapanda maharagwe, na maharagwe hayakuota; wakasema wamerogwa.

Kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili iko njia nyingine iliyotoka kituo cha ICIPE cha Mbita, kule ziwani, kwa kazi ya Dakta Zeyaur Khan na wenzake. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu ya kayongo na papo hapo kuizuia isijibandike, ikafa kwa njaa. Mnyoo wa mabua naye hufukuzwa na desmodiamu na kuvutwa na nepia. Ng'ombe hula vyote viwili. Kazi yake ni nyingi mwaka wa kwanza, na mbegu ya desmodiamu si rahisi kuipata, hilo tusifiche. Lakini kayongo hawezi kuwa sugu kwayo upesi kama anavyoweza kwa dawa moja. Pamba, karanga na soya nazo huidanganya mbegu ya kayongo iote bure, na hapo wazee waliolima pamba wilaya hii watacheka, maana walikuwa wakijua kwamba mahindi baada ya pamba hupendeza, ila hawakuulizwa na mtu. Kituo cha utafiti kiko Alupe, kando ya barabara ya kwenda Malaba, na wengi wetu tunakipita kila siku kwa matatu bila kuingia.

Turudi kwa mwajiri. Chama kimemwandikia, na haya ndiyo tuliyomwandikia kwa ufupi. Mshahara wa siku nne urudishwe. Sheria ya Ajira ya 2007 yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyi kazi, na gugu kutokufa si kosa la makusudi la mtu yeyote. Dawa ibadilishwe, na kubadilisha si kununua debe la rangi nyingine. Jina kubwa la mbele ni la muuzaji. Yasomwe yale maandishi madogo yanayotaja kilichomo, na ichaguliwe dawa inayolipiga gugu mahali pengine katika mwili wake. Atrazini, ametrini na dayuroni zina majina matatu lakini hulipiga gugu mahali pamoja, kwa hiyo kutoka hii kwenda ile ni kuzunguka mti ule ule. Mabaka yaliyosimama yapaliliwe kwa jembe kabla ya kutoa mbegu, kwa vibarua wa kike waliokuwa wakifanya kazi hiyo, na kwa mshahara uliokubaliwa. Trekta na majembe yaoshwe kabla ya kutoka shamba lile kwenda jingine, maana mbegu husafiri katika tope la magurudumu.

Juu ya amri ya kupiga upya kwa kipimo maradufu, bila glavu wala buti, jibu letu lilikuwa fupi. Kipimo kilichoandikwa na Bodi ya dawa si pendekezo la mnyapara kuongeza apendavyo. Gugu lililo sugu halitakufa kwa kipimo maradufu, lakini ngozi ya mtu na mapafu yake hayajawa sugu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimisha mwajiri kutoa mavazi ya kujikinga kwa kazi ya namna hii, na mfanyi kazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu ana haki ya kuripoti na kuondoka mahali pale; wala haruhusiwi mwajiri kumrudisha wakati hatari bado ipo. Parakwati, ambayo mnyapara aliitaja kuwa ndiyo itakayofuata, haina dawa ya kumponya aliyeimeza, na Ulaya imekatazwa tangu 2007. Aliyeumia kazini amjulishe mwajiri mara moja, kwa barua, na abaki na nakala. Mara nyingi tumepoteza mashauri mazuri ya fidia kwa sababu mtu aliona haya kusema kwamba macho yanamwasha.

Jambo la mwisho katika barua ile ndilo litakalokuwa gumu. Tumetaka malipo ya bomba kwa bomba yaishe, yawe ya siku. Mtu alipwaye kwa bomba hukimbia. Akikimbia huruka mistari, huongeza maji, hupiga wakati wa upepo ili amalize hesabu kabla ya jua kuchwa. Baadhi ya vijana wetu wenye nguvu hawapendi mabadiliko haya kwa kuwa wao hufikisha bomba nyingi kuliko wazee, nasi twayajua maneno wanayoyasema juu yetu kule Sofia jioni. Waje wayaseme mkutanoni.

Mkutano wa tawi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, mahali petu pa siku zote. Bwana shamba amealikwa naye amekubali kuja. Akina mama wa jembe wanaitwa, wenye kadi na wasio na kadi, nao watasema kwanza. Kila mpiga bomba aje na karatasi ya debe alilotumia mara ya mwisho, au chupa tupu iliyooshwa kama karatasi hakuna, na aandike tarehe aliyopiga na gugu gani lilibaki. Atakayeleta mche wa gugu lenyewe aufunge kichwa ndani ya mfuko kabla ya kupanda bodaboda, asije akatupandia wimbi mwitu njia nzima kutoka Malaba.